Ushauri nasaha shuleni kwa watoto wa P6 hadi S2: maswali ya wazazi na walimu

Kwa nini mnazungumzia P6 hadi S2 kwa pamoja?

Marekani watoto wa miaka 11 hadi 14 wana shule yao, kati ya msingi na sekondari, na mshauri wa shule ni mtu wa kawaida hapo kama alivyo mwalimu wa hesabu. Uganda hatuna ngazi hiyo. Watoto wa umri huo tumewakata katikati: wengine wako P6 na P7, miaka miwili ya mwisho ya msingi, wakikimbizana na PLE, mtihani wa kumaliza msingi; wengine wako S1 na S2, miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Mkato huo ndio unaowaumiza. Novemba mtoto anafanya karatasi nne za UNEB, bodi ya taifa ya mitihani. Miezi michache baadaye yuko S1 akiwa na masomo 12, 11 kati yake ya lazima, mara nyingi yuko bweni kwa mara ya kwanza, na mwili wake unabadilika kila wiki. Shida inayoonekana S1 mara nyingi ilianza P7, lakini wakati huo kila mtu alikuwa akitazama alama tu.

Mwanangu ameitwa kwa mshauri. Amekosa nini?

Huenda hakukosa chochote. Watoto huitwa kwa sababu wamefiwa, wamehamia shule katikati ya muhula, wamekonda ghafla, wameacha kucheza na wenzao, au wameomba wenyewe. Kama kuna kosa, mwalimu wa nidhamu ndiye wa kuita.

Tunasisitiza hilo kwa sababu shule nyingi hukosea hapa mapema kabisa: mwalimu mmoja anapewa nidhamu na ushauri pamoja. Jumatatu anaadhibu, Jumanne anasema "njoo uniambie yaliyo moyoni." Hakuna mtoto atakayekwenda. Shule ikiwa na walimu wachache kiasi gani, kazi hizi mbili zisikae kwa mtu mmoja. Na fimbo haina nafasi katika kazi yoyote kati ya hizo. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanakataza adhabu ya viboko shuleni.

Mshauri ni nani hasa? Je, si kazi ya senga?

Katika shule nyingi mshauri ni mwalimu wa somo fulani aliyepata mafunzo ya ziada na kupunguziwa vipindi. Baadhi ya shule huajiri mtu mwenye shahada ya ushauri au saikolojia. Pembeni yake yupo mwalimu mwandamizi wa kike, anayeshughulikia mambo ya wasichana, na mwalimu mwandamizi wa kiume kwa wavulana. Hao hufundisha usafi wa mwili, hedhi na mabadiliko ya ujana, na wengi wanafanya kazi nzuri sana bila shukrani.

Senga kwa Waganda wa Buganda ni shangazi, dada yake baba, na kumfunda msichana ni wajibu wake wa tangu zamani. Jamii nyingine zina watu wao. Tofauti ni kwamba senga anasema na mtoto kwa niaba ya ukoo: anamwambia ukoo unatarajia nini. Mshauri anaanza upande wa pili, anauliza mtoto anaona nini. Mtoto anawahitaji wote wawili. Vivyo hivyo kwa kasisi, mchungaji na imamu.

Jambo moja zaidi. Kuwakusanya wasichana 300 ukumbini na kuwaonya kuhusu wavulana kwa saa mbili ni mhadhara. Unaweza kuwa na faida yake, lakini shule isiuandike kwenye ripoti kama ushauri nasaha. Katika mkutano huo yule aliyeumizwa tayari husikia jambo moja tu: kwamba kosa ni lake.

Kikao chenyewe kinakwendaje?

Kwa umri huu dakika 30 hadi 40 zinatosha. Zaidi ya hapo mtoto anachoka na kuanza kujibu ili aondoke. Chumba kiwe mahali ambapo watu wanaweza kuona ndani lakini hawawezi kusikia. Dirisha la kioo au mlango ulioachwa nusu wazi kuelekea veranda tulivu humlinda mtoto na humlinda mshauri. Ofisi ya mwalimu mkuu haifai, na chumba cha walimu hakifai kabisa. Shule isiyo na chumba itumie benchi chini ya mwembe, mbali na njia ya kwenda chooni, kwa sababu njia hiyo haina siri.

Kikao cha kwanza mshauri anajitambulisha, anaeleza siri na mipaka yake, kisha anauliza maswali mepesi: unalala na nani bwenini, nani ulikula naye leo, somo gani halikuchoshi. Kwa mtoto asiyezungumza, karatasi na penseli husaidia: achore nyumba na watu waliomo. Halafu linakuja swali la ngazi: "Kutoka 0 hadi 10, wiki hii iko wapi?" Akisema 3, mshauri haulizi kwa nini si 10. Anauliza kwa nini si 1. Jibu la swali hilo huonyesha kilichobaki imara, iwe rafiki mmoja, dada mkubwa au mpira wa jioni, na mpango hujengwa juu ya hicho.

Mtoto aondoke na jambo moja dogo la kufanya na siku ya kurudi. Kikao cha pili kiwe ndani ya wiki moja au mbili. Mengi ya mambo ya kawaida ya shule hupata nafuu kwa vikao vinne hadi sita. Yasipopata, mshauri ampeleke mtoto kwa mtu mwenye ujuzi zaidi badala ya kuendelea kuzunguka palepale muhula mzima.

Kinachoharibu kazi hapa ni ahadi ya kurudi isiyotimizwa. Mtoto amefungua moyo, kisha mshauri ameitwa kusimamia mtihani, wiki tatu zimepita. Mara ya pili hafungui.

Mshauri atatuambia mtoto alichosema?

Si kila kitu. Mtoto akijua kila neno linafika nyumbani, atasema yale tu unayotaka kusikia. Lakini siri hii ina mipaka, na mshauri mzuri huitaja kabla mtoto hajaanza kusema, kwa lugha ya mtoto: "Nitayatunza haya. Ila kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au unataka kumuumiza mwingine, itabidi nimwambie mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza ni nani."

Mpaka huo ni wa kisheria. Mwalimu anayejua au kuamini kwa sababu za msingi kwamba mtoto anadhulumiwa anatakiwa kutoa taarifa kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya au polisi. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Daftari la mshauri liandikwe kwa ufupi: tarehe, jambo lililoletwa, hatua iliyokubaliwa, siku ya kurudi. Tumia namba badala ya jina, na orodha ya majina ifungiwe mahali pengine. Wanafunzi husaidia kufagia ofisi, na daftari lililoachwa mezani husomwa.

Mtoto wa S1 analia kila siku na anataka kurudi nyumbani. Tumchukue?

Subiri kidogo, isipokuwa kuna anayemuumiza au ni mgonjwa. Kukumbuka nyumbani huwa kukali katika wiki mbili za mwanzo, na kwa wengi hupungua muhula unapoendelea. Kabla ya kuamua, mshauri achunguze vitu vinne vya kawaida: anakula? analala? ana mtu mmoja wa kukaa naye? kuna kitu chake kimeibiwa? Mara nyingi machozi ya "nyumbani" yanatokana na godoro lililochukuliwa au ndoo iliyopotea, na mtoto anaona aibu kusema.

Wakati mbaya zaidi ni baada ya prepu ya usiku, yaani muda wa kujisomea, na Jumapili mchana. Hapo ndipo mtoto apewe la kufanya: kwaya, kusaidia maktaba, timu ya mpira. Kupiga simu nyumbani kuwe kwa ratiba, kwa mfano kila Jumamosi kupitia matroni, mlezi wa bweni. Simu za kila siku huchelewesha kuzoea, na kumnyima simu kabisa humtia hofu. Mzazi asiahidi "ukivumilia wiki mbili nitakuja kukuchukua" kama hana nia hiyo. Mtoto anahesabu siku.

Anakojoa kitandani na wenzake wanamcheka.

Hili ni la kawaida kuliko wazazi wanavyodhani, hata kwa wenye miaka 12 na 13, na si uvivu. Kwanza apimwe mkojo na sukari kwenye kituo cha afya, hasa kama hapo awali alikuwa mkavu na sasa ameanza. Maambukizi, kisukari na hofu kubwa vyote huweza kuleta hali hiyo. Mengine ni mpangilio: anywe maji ya kutosha mchana na kidogo baada ya chakula cha jioni, aende chooni kabla ya kulala, matroni amwamshe kimya kimya mnamo saa tano usiku, godoro lifunikwe kwa plastiki chini ya shuka, na awe na shuka mbili za ziada. Apewe kitanda cha chini karibu na mlango, na nafasi ya kufua kabla wengine hawajaamka. Kumwanikia godoro mbele ya bweni ili aone haya huongeza tatizo, kwa sababu hofu inaweza kuwa sehemu ya chanzo.

Alama zimeshuka kutoka P7 hadi S1. Mshauri anaweza kufanya nini?

Anaanza na mwili kabla ya akili. Je, anaona ubao akiwa kiti cha nyuma? Anasikia? Amekula asubuhi? Alirudishwa nyumbani mara ngapi kwa sababu ya ada, na masomo ya siku hizo nani alimpa? Analala saa ngapi? Shule inayozima taa saa nne usiku na kugonga kengele saa kumi na nusu alfajiri inampa mtoto saa sita na nusu, wakati kijana wa miaka 13 anahitaji 8 hadi 10. Hakuna ushauri unaoweza kuziba pengo hilo, na mshauri anapaswa kumwambia mwalimu mkuu hivyo.

Kisha mtaala. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unampima mwanafunzi kwa kazi za darasani na miradi. Alama hizo ni 20% ya matokeo ya UCE, cheti cha mwisho wa S4, na mtihani wa mwisho ni 80%. Mtoto aliyepata daraja la kwanza PLE kwa kukariri majibu ya mitihani iliyopita anakutana na swali linalomtaka aeleze jinsi kijiji kitakavyopata maji safi, na anaganda. Hajawa mjinga. Hajawahi kufundishwa kazi ya namna hiyo. Mshauri na mwalimu wa somo humpa mbinu ndogo: kusoma swali mara mbili, kupigia mstari anachotakiwa kutoa, kuandika mambo matatu anayojua kabla ya kuanza.

Na hofu ya mtihani wa PLE?

Ifanyiwe mazoezi wiki mbili au tatu kabla, kwa sababu mbinu mpya haifanyi kazi siku ya mtihani. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa polepole kwa hesabu ya 6, dakika tatu, mara mbili kwa siku. Mzazi aache kutaja "aggregate 4", matokeo bora kabisa ya PLE, kila mlo. Familia ijue mapema, na imwambie mtoto, kwamba zipo njia zaidi ya moja baada ya P7, zikiwemo shule za serikali za USE (elimu ya sekondari kwa wote) na vyuo vya ufundi vya jamii vinavyopokea waliomaliza P7. Mtoto anayeamini maisha yanaishia Novemba ndiye anayetapika asubuhi ya hesabu.

Wakubwa wanamnyanyasa mwanangu: wanamnyang'anya sukari, wanamtuma kufua.

Mshauri asiwaweke mtesi na mteswa kiti kimoja "wapatane" siku ya kwanza. Mpatanisho unafaa kwa marafiki waliogombana; kwa uonevu, mdogo atasema amesamehe na usiku atalipa. Kila mmoja asikilizwe peke yake, mashahidi waulizwe, na ulinzi uanze jioni hiyohiyo: kuhamishwa kitanda, kiranja anayeaminika, matroni kupita saa zisizotabirika. Mtesi naye apate vikao. Wengi wao waliteswa walipokuwa S1, na shule iliwafundisha kwamba ndivyo mambo yalivyo.

Mzazi, chukua tarehe, mahali na vitu vilivyopotea kwa maandishi. "Wanamsumbua" haina pa kushikwa. "Jumanne baada ya prepu, bweni la Nile, kilo moja ya sukari" ina.

Hedhi?

Mwalimu mwandamizi wa kike awe na pedi, sabuni, nguo ya ndani ya akiba na dawa ya maumivu inayotolewa na muuguzi, na msichana aweze kuvipata bila kueleza mbele ya darasa. Wavulana wafundishwe pia. Kicheko hutokana na kutojua.

Msichana akipata mimba, masomo yamekwisha?

La. Miongozo ya Wizara ya Elimu na Michezo ya mwaka 2020 inaruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Kazi ya mshauri ni kuhakikisha kurudi huko kunapangwa kabla hajaondoka: nani atakaa na mtoto, atarudi muhula gani, darasa gani, shule ileile au nyingine. Msichana anayeondoka bila tarehe ya kurudi mara nyingi harudi. Na kwa kuwa yuko chini ya miaka 18, kuna suala la kunajisiwa ambalo shule haiwezi kulimaliza kwa mazungumzo ya familia mbili na faini ya mbuzi.

Mtoto amebakwa au kunajisiwa. Saa za kwanza tufanye nini?

Mwamini, na mwambie kosa si lake. Asioge wala kubadilisha nguo. Kama amebadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huozesha ushahidi. Aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya kuzuia HIV lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Taarifa iende kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia. Uchunguzi wa daktari hujazwa kwenye fomu ya polisi namba 3A. Matibabu yasisubiri fomu.

Simu ya bure ya watoto, 116, inayojulikana kama Sauti, hupokea taarifa kutoka kokote nchini.

Mshauri haulizi maelezo yote. Anauliza yanayotosha kumlinda, anaandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na anaacha mengine kwa daktari na polisi. Kumhoji mtoto mara tano humjeruhi upya na huchanganya ushahidi.

Anatumia ARV, dawa za HIV, na yuko bweni. Nani ajue?

Wachache iwezekanavyo: muuguzi, na mtu mmoja wa akiba siku muuguzi hayupo. Mtoto achague huyo wa pili. Dawa zikae zahanati ya shule, ndani ya chupa isiyo na sauti ya kugongana, na saa ya kumeza iambatane na jambo la kawaida, kama kwenda kuchota chai. Vijana wengi wa umri huu huacha dawa kwa sababu ya aibu, si kwa kusahau tu. Siku za kliniki zipangwe wakati wa likizo inapowezekana, na ruhusa iandikwe "matibabu," basi.

Mwanafunzi amesema hataki kuishi.

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandii wazo, humpa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, uliza kama ana njia na wakati aliopanga. Usimwache peke yake hata chooni, hadi mzazi na mhudumu wa afya wafike. Ondoa dawa ya wadudu ya shamba, sumu ya panya, kamba, wembe na vidonge. Nyumbani pia: chupa ya dawa ya nyanya iliyo chini ya kitanda lazima itoke.

Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, Kampala, ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa ya afya ya akili. Akirudi shuleni, awe na mtu mmoja wa kumwona kila asubuhi kwa wiki nne za mwanzo. Kumfukuza shule "asiambukize wengine" ni kumwondolea walinzi wake.

Watoto wetu walitoka Kongo, wako Kyaka II na Nakivale, makazi ya wakimbizi. Mtoto wa miaka 14 amewekwa P4.

Mara nyingi kinachomrudisha nyuma ni Kiingereza, wala si akili. Mshauri apime hesabu kwa Kiswahili au Kifaransa kabla ya kukubali darasa. Aangalie pia maandishi: mfumo wa Kifaransa hutumia mkato mahali ambapo sisi huweka nukta ya desimali, na mgawanyo mrefu hupangwa tofauti, hivyo mtoto anayejua jibu anakoseshwa. Akifika S1, Kiswahili ni somo la lazima hadi S2. Mshauri ampe nafasi ya kuwaongoza wenzake hapo. Kwa mtoto aliyezoea kuwa wa mwisho, hilo lina uzito kuliko vikao vitatu.

Akishtuka kwa kishindo cha mlango au akiota vita, mshauri asimlazimishe kusimulia. Mfundishe kutaja vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kugusa, vitatu anavyosikia, hadi arudi hapa alipo.

Shule yetu ina wanafunzi 900 na mshauri mmoja. Inawezekana?

Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba hatoshi. Afanye hivi: kipindi kimoja cha darasa kwa kila mkondo kila mwezi, kwa mambo yanayowahusu wote, vikundi vya watoto 6 hadi 8 wenye jambo linalofanana, kama waliofiwa, na vikao vya mmoja mmoja kwa wachache walio hatarini. Sanduku la barua lenye kufuli lifunguliwe na mshauri peke yake mara mbili kwa wiki, siku zinazojulikana.

Wanafunzi washauri wanasaidia sana, mradi wafundishwe kazi yao ni kusikiliza na kumleta mwenzao. Wakiachwa wabebe siri ya kunajisiwa au ya kujiua, mmewatwika watoto mzigo wa watu wazima.

Niulize nini siku ya kutembelea?

Acha alama zikae hadi mwisho. Tembea naye hadi anapolala, mguse godoro pamoja, mle. Uliza: "Nani alikusaidia wiki hii? Wewe ulimsaidia nani?" Asipokuwa na jina la kutaja katika swali la kwanza, nenda ukamwone mshauri kabla hujapanda boda kurudi.